Moto Haupimi Kito

"Fundi, nipanulie hivyohivyo, usikitoe kito. Ni halisi, hakiungui."

Mtu ameshuka kwenye basi la Dodoma hapa njia panda ya Dumila, au ametoka Magole kwa bodaboda. Pete imembana baada ya kujifungua, au ni ya marehemu baba na inamvuka kidoleni. Imetengenezwa kwa mkono, ya fedha au ya dhahabu, na juu yake kuna jiwe jekundu ambalo nyumbani kwao wanaliita rubi ya Mahenge. Kabla sijashika kioo cha kukuzia nimeshapewa masharti: kito kisiguswe, moto upite, kwa kuwa ndugu walishakijaribu kwa kiberiti na kikafaulu. Kwa miaka nimelijibu jambo hili kwa mdomo. Leo nalijibu kwa maandishi, na nitalijibu lote.

Kito halisi kinaharibika kwa moto. Vingine hupasuka, vingine hupoteza rangi, vingine huchimbika uso vikabaki kama vimesuguliwa kwa msasa. Na kile ambacho moto haukisumbui sana, mara nyingi ndicho kilichotengenezwa kiwandani. Kwa hiyo anayeninyooshea pete na kuniambia imefaulu mtihani wa moto hajaniambia chochote kuhusu kito chake. Ameniambia tu kwamba kimeshachomwa mara moja kabla ya kufika kwangu.

Tuuangalie mtihani wenyewe, kwa sababu huku kwetu, kuanzia machimboni hadi sokoni, unaaminiwa kuliko maabara. Mtu anachukua uzi wa cherehani, au unywele mmoja mrefu, anauzungusha kwenye kito mara mbili tatu, anaukaza, anawasha kiberiti cha gesi chini yake. Uzi usiposhika moto, waliosimama pembeni wanatikisa vichwa: halisi. Watu wamenunua kwa mtihani huo, wameuza kwa mtihani huo, wameoa kwa mtihani huo.

Chukua sarafu ya shilingi 200, izungushie uzi uleule, ukaze vilevile, uuwashie kiberiti kilekile. Uzi hautashika moto mara moja. Chukua kokoto laini kutoka Mto Mkundi, matokeo ni hayohayo. Uzi huungua pale joto lake linapofika kiwango fulani, na kitu kigumu kilichobanana nao hulinyonya joto hilo kabla halijafika. Kinachopimwa hapo ni mambo mawili tu: kama kitu kilicho chini ya uzi kinapitisha joto, na kama aliyefunga amekaza vizuri. Uzi ukilegea utaungua hata juu ya almasi. Ukikazwa utakaa sekunde kadhaa hata juu ya shaba. Pengine utamkamata mtu anayeuza plastiki, lakini plastiki unaijua kwa wepesi wake mkononi bila kuwasha chochote.

Sasa tuje kwenye bandia inayotisha kweli. Mwaka 1902 mkemia Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia ya kutengeneza rubi kwa moto. Unga wa alumina uliochanganywa na kiasi kidogo cha kromiamu hudondoshwa taratibu kupitia mwali wa haidrojeni na oksijeni wenye joto linalopita nyuzi 2,000 za Selsiasi. Unga unayeyuka, unatua, unaganda, unakua kuwa kijiti kirefu cha rubi. Kikemia ni rubi ileile: ugumu uleule wa 9, uzito uleule, wekundu uleule. Viwanda vimekuwa vikitoa vito vya namna hii kwa zaidi ya miaka 100, na spineli nayo hutengenezwa kwa njia hiyohiyo, kwa bei ndogo sana ukilinganisha na ya jiwe la ardhini. Kito kilichozaliwa ndani ya mwali wa nyuzi 2,000 hakina sababu ya kuogopa kiberiti cha dukani. Tena kwa kuwa hakina mipasuko ya asili wala matone ya majimaji yaliyofungiwa ndani, kitavumilia moto kuliko rubi iliyotoka Matombo, kwenye miteremko ya Uluguru, ikiwa na historia yake yote ya kubanwa na kuvunjwavunjwa chini ya milima. Mtihani wa moto ukiupeleka mpaka mwisho utakupa ushindi wa bandia na kilio cha halisi.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi. Wanasema rubi ya kweli hujulikana kwa kubadilika rangi motoni. Ni kweli inabadilika: ikipata joto kali wekundu hufifia, hugeuka kijivu au kijani, kisha hurudi jiwe likipoa. Nimewasikia watu wazima wakiapa kwa alama hiyo. Ya kiwandani hufanya vivyo hivyo, kwa sababu kinachotoa rangi ni kromiamu ileile. Na wale wanaotembea na tochi ya kukagulia noti bandia, wakimulika jiwe na kushangilia likiwaka jekundu, nao wajue kwamba rubi ya kiwandani huwaka hivyo pia, mara nyingi kwa nguvu zaidi.

Wala moto hautakuambia kama ulicho nacho ni rubi au ni spineli, ugomvi unaogawa familia nyingi katika mkoa huu wa Morogoro. Jiwe kubwa jekundu lililo mbele ya taji la kifalme la Uingereza, liitwalo Black Prince's Ruby, liliheshimiwa kama rubi kwa karne kadhaa. Ni spineli. Mfaransa Romé de l'Isle alizitenganisha aina hizo mbili mwaka 1783, na alifanya hivyo kwa kuchunguza umbo la fuwele. Hapa kwetu, fuwele kubwa za spineli zilizopatikana Ipanko, Mahenge, mwaka 2007, moja yake ikizidi kilo 50, zilifanya wanunuzi wa dunia nzima waitafute rangi ile ya waridi iliyochanganyika na nyekundu. Ukiambiwa una spineli, usinune. Una jiwe la heshima, lenye ugumu wa 8, ambalo ndugu zako wamelichoma kwa kiberiti ili liwe kitu kingine.

Hapo hunijia pingamizi, na huja kwa sauti ya mtu anayedhani amenishika: "Mbona tanzanaiti huchomwa?" Huchomwa, ndiyo. Nyingi hutoka Mirerani zikiwa na rangi ya kahawia, na hupata ubuluu kwa kupashwa joto la takriban nyuzi 500 hadi 600. Lakini angalia namna. Jiwe huwekwa kwenye tanuri, joto linapanda polepole, linakaa, linashuka polepole, na jiwe linatoka likiwa limepoa lenyewe. Joto linalizunguka pande zote kwa pamoja. Hakuna mwali unaolipiga upande mmoja huku upande wa pili ukiwa baridi, hakuna kucha za chuma zinazolibana, hakuna anayelitumbukiza kwenye maji. Tanzanaiti ileile iliyotulia tanurini, ukiipiga mwali wa bomba la sonara, itapasuka kwenye mstari ulionyooka utadhani imekatwa kwa kisu, kwa sababu asili yake ina upande mmoja ambao hugawanyika kirahisi. Rubi nyingi za sokoni nazo zimepashwa joto la juu zaidi ya hilo, kwa utaratibu huohuo wa tanuri. Kinachoua kito ni tofauti ya joto kati ya sehemu zake na kasi ya mabadiliko hayo, kuliko ukubwa wa joto lenyewe.

Ukitaka kuona maana yake, shika kioo cha kukuzia mara 10 na uangalie jiwe lililotoka ardhini. Ndani yake utaona mawingu membamba, sindano, nyufa zilizofungika zamani, na vitundu vidogo mno vyenye majimaji au gesi ya kaboni dioksidi. Likipashwa ghafla, kilichomo ndani ya vitundu hivyo hutanuka kuliko jiwe linavyoweza kutanuka, na ukuta unapasuka. Niliwahi kuletewa pete ya fedha yenye spineli ya umbo la yai, iliyopanuliwa kwingine ikiwa na kito chake. Kwa macho, jiwe lilionekana tu kama limepata ukungu. Chini ya kioo, ufa ulianzia pale kucha moja ilipolibana ukingoni, ukaingia ndani na kufunguka duara kama jani la yungiyungi, wenye rangi za upinde wa mvua ukiugeuza kwenye mwanga. Pembezoni mwake kulikuwa na nyufa changa zimeanza. Mwenye pete alikuwa anauliza kama ninaweza kuling'arisha tu. Ufa haung'arishwi.

Huo ufa, kwa kawaida, hauingii wakati mwali unawaka. Unaingia baadaye. Fundi amemaliza kulehemu, pete bado ina moto, anaishika kwa koleo na kuitumbukiza kwenye bakuli la maji au maji ya shabu ili kuondoa weusi. Chuma kinapiga kelele na kupoa mara moja, jiwe lililo juu yake linapoa nje wakati ndani bado linachemka. Hapo ndipo vito vingi vya Morogoro vimekufa, katika sekunde ile ya bakuli, na fundi akamwambia mwenye mali kwamba jiwe lilikuwa na ufa wake tangu zamani.

Jambo jingine ambalo limekuwa kama dawa ya kienyeji ya mafundi wetu ni kukipaka kito tanakari ili kukikinga na moto. Tafadhali acheni. Tanakari ndiyo inayosafisha chuma ili lehemu ishike, na inafanya hivyo kwa kuyeyusha kilicho juu ya chuma. Kwenye rubi na yakuti samawi, tanakari iliyoyeyuka huula uso wa jiwe lenyewe. Baada ya kuosha unakuta kito hakina tena mng'ao, kina vijishimo, na kinapaswa kurudishwa kwa mkata vito apunguze uso wote, yaani uzito na thamani. Wanaotetea mbinu hii huiga wanayoyaona kwa mafundi wa almasi, ambao hupaka maji ya asidi ya boriki. Almasi ni kaboni tupu. Ikipata moto mkali mbele ya hewa uso wake huungua na kuota ukungu mweupe, ndiyo maana hufunikwa. Kinga ya almasi ni sumu ya rubi.

Na kama rubi yako ilinunuliwa mjini kwa bei iliyokushangaza kwa unafuu, ongeza hofu mara mbili. Tangu miaka ya 2000 soko limejaa rubi za daraja la chini ambazo nyufa zake zimejazwa kioo chenye risasi ili zionekane safi. Asili yake ni rubi kweli, ila sehemu ya unachokiona ni kioo. Mwali wa sonara hukitoa kioo hicho kikatiririka na kuacha jiwe lenye mashimo. Tindikali ya kusafishia chuma hukila. Hata ndimu hukila. Nawaambia kina mama wanaosugua pete za fedha kwa ndimu na majivu siku ya kuamkia sikukuu: kwa pete tupu ya fedha sina neno, kwa pete yenye jiwe tumieni maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na mswaki laini. Zumaridi nazo, zikiwemo zinazotoka Manyara, karibu zote hutiwa mafuta kwenye nyufa zake. Moto huyakausha na nyufa zinajitokeza. Feruzi hubadilika rangi kwa joto dogo. Lulu na marijani havipaswi kukaribia meza yenye moto kabisa. Akiki ya pete ya mzee, ingawa ni ngumu, hupasuka vilevile ukiipasha na kuipoza ghafla.

Kuna mbinu ya kiazi, na hii sitaiita upuuzi. Fundi anachomeka upande wa kito ndani ya kiazi kibichi au anaufunika kwa kitambaa kilicholowa, kisha analehemu upande wa chini. Maji ya kiazi kweli hunyonya joto. Kwa pete ya dhahabu yenye almasi safi, na fundi mwenye mkono mwepesi, kazi inaweza kuisha salama. Shida ni kwamba pete nyingi zinazoletwa hapa ni za fedha, na hakuna chuma kinachopitisha joto kuliko fedha. Huwezi kupasha upande mmoja wa pete ya fedha ukaacha mwingine. Lehemu ya fedha inataka nyuzi 650 hadi 750 na zaidi, na kabla hujafika huko pete nzima imeshapata moto. Ukiweka kiazi, kinanyonya joto la kito na pia joto la kiungo. Lehemu inakataa kuyeyuka. Fundi anaongeza mwali. Maji ya kiazi yanageuka mvuke, kinga inaisha, na jiwe linapokea kwa mkupuo joto lote lililokuwa limezuiwa. Fedha ya 925 yenyewe huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 800, kwa hiyo nafasi ya kukosea ni ndogo mno hata bila kito.

Nikimsikiliza mtu mpaka mwisho, nyuma ya habari zote za kiberiti nakuta jambo jingine kabisa. Anaogopa nitambadilishia jiwe. Imani kwamba kito halisi hakiungui imekuwa njia ya heshima ya kumwambia fundi: usikitoe mbele ya macho yangu, wala nyuma yangu. Hofu hiyo naielewa, tena ina msingi. Wizi wa kubadilisha vito upo, na umewaumiza watu waliorithi kitu kimoja tu cha thamani maishani. Lakini kukiacha kito kwenye pete hakukulindi. Pete inayolala kwa fundi usiku mmoja ina muda wa kutosha wa kutolewa jiwe na kuwekewa jingine la kiwandani lenye rangi na vipimo vilevile. Asubuhi utakuja na uzi wako na kiberiti chako, na jiwe la kiwandani litafaulu kwa alama zote. Mtihani unaoutegemea ndio mwizi anaoupenda.

Kinachokulinda ni vipimo, na havihitaji shahada. Kabla ya kazi, pete ipimwe uzito mbele yako ikiwa na kito. Kito kitolewe mbele yako, jambo ambalo kwa pete ya kucha nne ni la dakika chache. Kipimwe peke yake: karati moja ni gramu 0.2, kwa hiyo jiwe la karati 5 ni gramu moja kamili. Kipimwe urefu, upana na kina kwa kalipa, hadi sehemu ya kumi ya milimita. Kipigwe picha kwa simu kupitia kioo cha kukuzia, maana yale mawingu na sindano nilizozitaja ni alama zake za kuzaliwa, na hakuna jiwe jingine lenye mpangilio uleule. Kisha kifunge kwenye karatasi na uondoke nacho nyumbani. Fundi anabaki na chuma, ambacho ndicho chenye kazi. Utakileta siku ya kukifunga.

Ukitaka kujua kwa hakika kama ni cha asili, kuna Kituo cha Jemolojia Tanzania kule Arusha, na kuna wathamini wa serikali katika masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa mwaka 2019. Mtu aliyefunzwa, mwenye hadubini, ataona mistari iliyopinda ndani ya rubi ya Verneuil, viputo vya duara ndani ya kioo, au sindano za asili za jiwe la ardhini, na kwa kifaa cha kupima namna mwanga unavyopinda atakutenganishia rubi na spineli papo hapo. Hatawasha kiberiti.

Sasa kazi yenyewe, kwa haraka. Kwenye vipimo vya Kimarekani, ambavyo mafundi wengi wanavitumia, kuongeza namba moja ni kuongeza takriban milimita 2.5 za mzunguko. Kutoka namba 7 hadi 9 ni milimita 5 hivi za chuma kipya. Duara hukatwa upande wa kiganja, linafunguliwa, kipande cha chuma cha daraja lilelile kinaingizwa, linalehemiwa, linasawazishwa kwa tupa na msasa. Nasema daraja lilelile: dhahabu ya 750 iungwe kwa 750, ya 916 kwa 916, fedha ya 925 kwa 925. Kupunguza ni kinyume chake. Duara linapofunguka au kufunga, upinde wa juu chini ya kito hubadilika pia. Kucha zinasogea, kikombe kinajikunja, na jiwe linalegea au linabanwa kwa upande mmoja. Hii nayo ni sababu ya kukitoa, hata kama moto usingekuwepo kabisa. Kwa pete iliyofungwa kito kwa ukuta wa chuma kukizunguka, ukuta ule unaweza kukatika unapoinuliwa, hasa ukiwa umeshawahi kuinuliwa. Fundi mkweli atakuambia mapema kwamba huenda ukahitaji kikombe kipya.

Kupanua zaidi ya namba mbili sishauri; tengeneza duara jipya, ubakize kichwa. Pete yenye vijiwe mzunguko mzima haipanuliwi, inatengenezwa upya. Kunyoosha kwa kugonga kwenye mti wa chuma kunafaa pete tupu isiyo na kito, basi. Ukiwa na kifundo kikubwa cha kidole na shina jembamba, usipanue sana: mwambie fundi aweke vitone viwili vya chuma ndani ya duara upande wa chini, pete ipite kifundoni na isizunguke. Usipime kidole asubuhi ya baridi wala baada ya kutembea juani. Pima jioni ukiwa umetulia, mara mbili, siku tofauti. Mjamzito asubiri, aivae kwenye mkufu. Kidole kinachovimba na kupungua mara kwa mara kinafaa duara lililo wazi chini, linalobanwa na kuachiwa kwa mkono bila moto. Fundi wa mjini mwenye mashine ya leza anaweza kuunga karibu na kito kwa joto la nukta ndogo, ukimpata na kumudu bei yake, lakini hata huyo mtake akuhakikishie usalama wa kito chako kwa maandishi.

Kama unatengeneza upya kabisa kwa dhahabu ya zamani, fundi akate na kuondoa sehemu zote zenye lehemu ya zamani kabla ya kutia kwenye kalibu, vinginevyo dhahabu inashuka daraja na kupasuka inapofuliwa. Vumbi la tupa ni lako, litunzwe na kupimwa.

Na pete ikikatika usimpelekee fundi redio aiunge. Risasi yake inayeyuka kwa joto dogo, inashika kwa dakika mbili, na inaonekana nadhifu. Siku pete ile itakapopata moto wa kweli, risasi hiyo itaingia ndani ya fedha au dhahabu na kuichimba mashimo. Inanilazimu kuikwangua yote kabla sijawasha chochote, na mara nyingine duara lote linatupwa. Kama ulishafanya hivyo, niambie tu mwanzoni. Sitakulaumu, nitaokoa pete.

Pete ikikwama kidoleni usisubiri fundi: inua mkono juu, tia sabuni au mafuta, pitisha ncha ya uzi chini ya pete, uzungushe uzi kidoleni kutoka kwenye pete kuelekea kwenye kucha, kisha ufungue kwa kuvuta ile ncha ya chini, pete itasogea. Kidole kikianza kugeuka rangi nenda zahanati, pete ikatwe. Pete iliyokatwa inaungwa.

Anayekuambia kwamba atapanua pete ya fedha yenye rubi, spineli au tanzanaiti bila kutoa kito, mwulize atafanyaje kwa lehemu inayotaka nyuzi 700. Asipokuwa na jibu, chukua pete yako. Na anayekubali kukitoa lakini anakataa uondoke nacho, chukua pete yako kwake pia.